Linapitika

Tulikwenda Saint Louis kwa ajili ya jicho la Orrin,
si kwa ajili ya muziki.
Daktari akalitia matone, akasema turudi asubuhi,
basi tukabaki na usiku mzima mikononi
kama watu walioachiwa mtoto wa jirani.

Kuegesha gari tu, dola ishirini na nane.
Orrin akapiga hesabu kwa sauti mpaka lifti ikafika:
marobota manne ya nyasi kavu,
kwa gari lililosimama.

Bango tuliliona mlangoni kwa kinyozi:
Dell Hathcock, leo, saa mbili usiku.
Dell! Wa kwetu, wa upande wa pili wa mto,
ambaye mama yake aliniuzia mayai
na baba yake alikufa na madeni ya watu.

Ukumbi ulikuwa zamani kiwanda cha viatu.
Sakafu bado ina matundu ya skrubu za mashine;
kisigino changu kikanasa katika moja,
na kijana wa ndevu za kuchongwa,
buti zake hazijui samadi,
akainama kunichomoa kama mwanasesere.

Dell akapanda jukwaani. Kazeeka.
Kwani nilimtarajia nani? Mimi mwenyewe ujana nimeuacha wapi?
Kofia ileile, au ndugu yake.
Akalinganisha nyuzi muda mrefu kuliko wimbo wa kwanza,
akakohoa, akaomba radhi, akanywa maji,
akasimulia habari za mbuzi aliyekula hati ya talaka.
Ukumbi ukavunjika mbavu. Orrin peke yake hakucheka:
mbuzi yule alimjua.

Halafu akaimba ule wa daraja.

Lilikuwa la chuma, la njia moja,
mbao zake zikigonga tatata-ta chini ya magurudumu,
na aliye ng'ambo akikungoja uvuke kwanza,
vidole viwili juu ya usukani,
hiyo ndiyo salamu yetu yote.
Gitaa likagonga vivyo hivyo. Tatata-ta.
Watu mia mbili wa mjini,
ambao hawajapata kumngoja mtu avuke,
wakaitikia kibwagizo, macho wamefumba,
na naapa niliwaona wakipita juu yake,
mmoja mmoja, taratibu, bila kusukumana.

Nikautafuta mkono wa Orrin gizani.
Sisi tulijua.
Mwezi wa tatu ilikuja kreni ya manjano ya kaunti,
ikaling'oa mchana mmoja, kama jino.
Chuma kikapimwa kwa ratili, kikauzwa.
Sasa pana zege, njia mbili,
hakuna amngojaye mtu.

Mwisho tukapanga foleni penye meza ya santuri.
Nilijiapiza: nitamwambia. Ni haki yake.
Mtu hawezi kuzunguka nchi na maiti ndani ya gitaa
asijue.
Akatutazama kama asomaye barua bila miwani.
"Orrin Vandiver. Jicho lina nini?"
"Matone tu."
Akaanza kusaini, kalamu ikakwama, akaitikisa.
"Hebu nambieni. Lile daraja, bado linapitika?"

Mume wangu haongopi hata mbele ya mnunuzi wa ng'ombe.
Aliwahi kumrudishia mtu nusu ya bei
kwa fahali aliyekohoa mara moja.
Nikaufunga mdomo wangu, nikangoja ukweli wake.
Mboni yake, nyeusi na pana kwa dawa,
ikamkazia Dell, kofia, koo lililochoka,
nyuzi zilizoning'inia kichwani mwa gitaa bila kukatwa.

"Linapitika," akasema.

Tukarudi hotelini kwa miguu, bila neno,
santuri kwapani, na nyumbani hatuna cha kuichezea.
Penye kivuko gari likasimama kutupisha,
na Orrin, bila kufikiri, akainua vidole viwili.

Dereva akapiga honi.